Mililita Kumi

Fani niliyoitumikia tangu ujana imesimama juu ya ahadi moja: lete tone, upewe jibu. Tone la damu, la mkojo au la mate huingizwa kwenye kijibamba cha kuenea kiganjani, likapita vijia vyenye upana wa unywele, likakutana na kemikali zake njiani, na mwisho wa safari rangi ikatokea au isitokee. Wenyewe tunaiita mikrofluidiki. Nimeifundisha, nimeiandikia maombi ya fedha, nimeitetea mbele ya watu walioniuliza kwa nini Zanzibar ihangaike na vijibamba ilhali kuna vituo vya afya vinavyokosa glavu. Lakini ugonjwa niliouchagua kuufuata hapa Unguja, kichocho, ndio ulionionyesha ahadi ile inaishia wapi. Kila tulivyozidi kuushinda, ndivyo tone lilivyozidi kukosa maana.

Kwanza maji yenyewe. Maji yaliyomo ndani ya kijia cha mikroni 100 hayana tabia za maji ya ndoo. Kwenye ndoo yanazunguka, yanagongana, yanachanganyika. Kwenye kijia yanakwenda kama asali: mnato ndio unaotawala, na kasi haina la kusema. Osborne Reynolds wa Manchester aliliweka jambo hili katika namba mwaka 1883, mwaka uleule jumba la Beit al-Ajaib la Sayyid Barghash liliposimama pale Forodhani. (Huwaambia wanafunzi sadfa hii makusudi. Jumba hawalisahau, na Reynolds anaingia nalo.) Namba yake ikiwa kubwa, mtiririko unavurugika; ikiwa ndogo, kila tabaka linashika njia yake. Ukiingiza maji mekundu upande mmoja na ya buluu upande wa pili, yatasafiri bega kwa bega hadi mwisho, na mpaka baina yao utakuwa umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Hayachanganyiki mpaka molekuli zenyewe zitangetange kutoka upande huu hadi ule. Molekuli ndogo huvuka mikroni 100 kwa sekunde kama 5. Sentimita moja huichukua zaidi ya nusu siku. Fupisha njia mara 100, muda unapungua mara 10,000. Hiyo ndiyo mali yote ya fani hii, na mengine yote ni ufundi wa kuitumia.

Ufundi huo zamani ulikuwa wa wenye nazo. Mwaka 1979 watu wa Stanford walionyesha mtambo wa kuchanganua gesi uliochongwa juu ya kisahani cha silikoni, na kwa muda mrefu baadaye ukitaka kufanya kazi hii ulihitaji chumba kisichoingia vumbi, nguo za kujifunika mwili mzima, na mashine za bei ya kutisha. Mlango ulifunguka miaka ya 1990, hasa kwa kundi la George Whitesides pale Harvard. Walichukua mpira wa silikoni ukiwa bado majimaji, wakaumimina juu ya kalibu, wakauoka kwa joto lisilofika la maji yanayochemka, wakaubandua na kuubandika juu ya kioo. Kalibu moja inazaa chipu makumi kwa makumi. Mwaka 2007 kundi hilohilo likateremka chini zaidi: karatasi ya kuchujia iliyochorwa mipaka isiyopitisha maji, kimiminika kikajivuta chenyewe bila pampu wala umeme. Nilipoisoma makala ile nilijua kazi hii naweza kurudi nayo nyumbani.

Nyumbani ni Kiponda, katika nyumba ya urithi yenye warithi wengi kuliko vyumba. Nilisoma Lumumba, nikavuka kwenda Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Uingereza kwa shahada ya udaktari. Utotoni sikupata kichocho, wala rafiki zangu wa mtaani hawakukipata. Tulikuwa na mfereji. Maji ya bomba yaliletwa mjini na Sayyid Barghash kutoka chemchemi za kaskazini ya mji, na mtoto wa Mji Mkongwe hana haja ya kuoga bwawani. Binamu zangu wa upande wa Kinyasini walikuwa nayo haja hiyo. Walipokuja mjini sikukuu, mama alikuwa akiwaita pembeni mmojammoja na kuwauliza kwa sauti ya chini mkojo wao una rangi gani. Aliyejibu kwa kuinama alipelekwa hospitali kesho yake, sikukuu isikukuu.

Ukiitazama ramani ya Unguja kwa jicho la kichocho, utaona kisiwa kimekatwa vipande viwili. Kusini na mashariki, Makunduchi, Jambiani, Paje, ardhi ni ya mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha inazama, mito hakuna. Kaskazini na katikati, Kinyasini, Chaani, Mwera, kuna udongo, vijito, mabonde ya mpunga na mabwawa. Humo anaishi konokono aitwaye Bulinus globosus, na bila yeye mdudu wa kichocho hawezi kuishi mzunguko wake. Ndugu yake, Bulinus nasutus, anapatikana kisiwani pia, lakini yeye hauambukizi. Mgonjwa anakojoa majini, yai linaanguliwa, kinyama chake kinaogelea kumtafuta konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono anatoa maelfu ya vinyama vingine vinavyopenya ngozi ya mtu anayefua au anayeoga. Watoto wa skuli wa kizazi cha mwanzo wa miaka ya 2000 waliyajua haya yote kupitia kijitabu cha picha, Juma na Kichocho. Nimekutana na watu wazima wanaokikumbuka kuliko wanavyoikumbuka hisabati.

Siku yangu ya kwanza ya kazi skulini ilikuwa kaskazini. Mkojo wa kichocho hauchukuliwi wakati wowote upendao: mayai hutoka kwa wingi baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo kazi huangukia jua kali. Watoto walikuwa wamepangwa foleni chini ya mwembe, kila mmoja na kikopo chake chenye namba. Mwalimu aliwakimbiza kwanza uwanjani, maana mwili ukitikisika mayai yaliyokaa kibofuni huamka. Wakarudi wanahema, wakanipokea kwa "Shikamoo" moja ndefu ya kwaya, wakaingia vyooni. Vikopo vilivyorudi vilikuwa na rangi zote: manjano hafifu, kahawia, na kimoja chenye wekundu ambao haukuhitaji darubini.

Fundi sanifu wa maabara alikuwa mtu mzima, mwenye kazi hiyo mikononi tangu zamani. Alitikisa kikopo, akavuta mililita 10 kwa sirinji, akafunga kishikio cha plastiki chenye kichujio ndani yake, akasukuma taratibu kwa kidole gumba. Mkojo ukadondokea ndoo. Akafungua kishikio, akakitoa kichujio kwa koleo, akakilaza juu ya kioo na kukitilia tone la ayodini. Kisha akanipisha nitazame. Yai la kichocho ukiliona mara moja hulisahau: umbo la mviringo uliorefuka, urefu wa mikroni kama 140, na nchani mwiba mfupi, mkali. Lile nililoliona lilikuwa hai. Ndani yake kinyama kilikuwa kikicheza.

"Dokta," aliniambia akiwa ameshavuta sirinji nyingine, "hicho kijibamba chako kinakula mkojo kiasi gani?"

"Mikrolita 50, mzee."

"Na uliobaki?"

"Unamwagwa."

Akasukuma. "Basi utakuwa unamwaga mayai."

Hesabu yake haina mjadala. Mikrolita 50 ni sehemu moja ya 200 ya mililita 10. Shirika la Afya Duniani linamhesabu kuwa na maambukizi makali mtu mwenye mayai 50 au zaidi katika mililita 10. Mchukue mtoto huyo, mgonjwa hasa, ukigawe kikopo chake matone 200. Mayai 50 yatatawanyika humo vyovyote yatakavyo, na zaidi ya matone matatu kati ya manne hayatakuwa na yai hata moja. Sasa mchukue mtoto mwenye yai moja tu: matone 199 yatakuambia yu mzima. Unaweza kuwa na chipu nzuri kuliko zote duniani, yenye uwezo wa kuliona kila yai linaloingia, na bado ikawa haina kazi, kwa sababu yai halikuingia. Tatizo halikuwa kwenye macho ya kifaa. Lilikuwa kwenye mdomo wake.

Laiti kichocho cha Unguja kingebaki kama cha zamani, pengine tone lingeweza kusaidia kuwasaka wale wenye mayai mamia. Lakini hakikubaki. Kati ya 2012 na 2017 ulifanyika mradi mkubwa wa kukitokomeza Unguja na Pemba, Wizara ya Afya ikishirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Pemba, Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London na taasisi ya Uswisi ya tiba ya tropiki ya Basel. Watu waligaiwa vidonge vya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, skulini na majumbani; baadhi ya shehia ziliongezewa dawa ya kuua konokono, nyengine mafunzo na mabadiliko ya mazoea. Maambukizi makali yakawa adimu. Waliobaki ni watu wenye mayai mawili, matatu, leo yapo kesho hayapo. Kwa mtu wa afya hiyo ni furaha. Kwa mtu wa mikrofluidiki ni sharti jipya kabisa, kwa sababu kifaa kilichobuniwa kwa wingi hakiwezi kupunguzwa kidogo kikafaa kwa uchache.

Malaria ilikuwa imeshatufundisha somo hilohilo kwa njia yake. Zanzibar ilibadilisha dawa mwaka 2003, ikaja na vyandarua na upuliziaji wa majumba, na malaria ikashuka mpaka chini ya mtu mmoja katika 100. Kipimo cha haraka, kile cha kijistari, chenyewe ni mikrofluidiki ya karatasi na ndicho kipimo cha fani yetu kilichofika vijijini kuliko vyote. Huchukua mikrolita 5 za damu na huhitaji vimelea kama 100 au zaidi katika kila mikrolita ili kijistari kitokee bila shaka. Mgonjwa mwenye homa anavyo hivyo na zaidi. Jirani yake asiye na homa, anayebeba vimelea vichache bila kujijua, mara nyingi hupita bila kuonekana. Na ukitaka kuimaliza malaria kisiwani, huyo jirani ndiye unayemtafuta.

Haina maana kwamba tone ni ulaghai. Kamerun kuna mfano ninaoupenda mno. Huko watu wenye minyoo ya loa mingi sana katika damu wanaweza kudhurika vibaya wakipewa dawa ya aivamektini, kwa hiyo kabla ya kugawa dawa ya usubi lazima uwajue. Watafiti wakaunganisha simu na lenzi ndogo na kapilari ya damu ya kidole. Simu inapiga video, programu inahesabu mtikisiko wa minyoo, na jibu linatoka kwa dakika chache. Waliwapima zaidi ya watu 15,000, na matokeo yalichapishwa 2017. Tone lilitosha, kwa sababu swali lao lilikuwa "je, wamezidi 20,000 kwa mililita?" Ukiuliza kuhusu wengi, tone linajibu. Ukiuliza "je, yumo hata mmoja?", tone linanyamaza, na kimya chake hufanana sana na habari njema.

Nilipoanza kulisema hili kwenye makongamano nilikuwa nikitazamwa kwa huruma. Mfadhili mmoja aliniandikia kwamba mililita 10 si mikrofluidiki, ni uhandisi wa mabomba, na kwamba ombi langu lipelekwe kitengo kingine. Nikamjibu kwa kichujio cha yule mzee. Kile kiduara chembamba cha plastiki, chenye matundu ya mikroni 12, kina historia ambayo watu wachache wanaijua: matundu yake hutengenezwa kwa kuipiga karatasi ya polikaboneti kwa vipande vya atomi zinazopasuka, kisha njia zilizochimbwa na vipande hivyo hupanuliwa kwa kemikali mpaka zifikie upana unaotakiwa. Ufundi huo ulizaliwa kwa wanafizikia wa General Electric miaka ya 1960. Kwa hiyo mzee wa maabara, chini ya mwembe, alikuwa akipitisha mililita 10 kwa mkupuo kwenye vijia vya upana wa mikroni 12 vilivyotobolewa na nguvu za nyuklia. Kama hiyo si mikrofluidiki, basi sijui nimesomea nini. Fedha sikupewa.

Kazi iliyonikalia mbele, basi, ikawa ni kuipitisha chupa nzima kwenye vijia vidogo, bila pampu, bila umeme, na kumwachia msomaji mayai yaliyojipanga mahali pamoja. Suala la umeme sikulitoa vitabuni. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa baharini ulikufa na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu. Nilikuwa nimesharudi kufundisha. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijaa jenereta, moshi wa dizeli ukakaa kwenye nguo zilizoanikwa, na friji yangu ya vitendanishi ikawa kabati. Tangu wakati huo, mwanafunzi akiniletea mchoro wenye waya, humwuliza kwanza kama waya ule una kazi ambayo mvutano wa dunia hauwezi kuifanya.

Karatasi nayo nilijua haitatosha, na sehemu ya ujuzi huo niliipatia ukutani kwa ami yangu. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, juu yake boriti za mikoko. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu, na chokaa vilevile. Maji ya ardhini huyapanda hayo yenyewe: kitundu chenye nusu kipenyo cha mikroni 10 kinaweza kuyapandisha kiasi cha mita 1.5. Ukuta uliopakwa chokaa huyaachia njiani, yakatoka kwa mvuke usoni pake, kwa hiyo hayapandi mbali. Ami alikuwa ameukandika ukuta wa chini kwa saruji ili "uwe imara". Miaka michache baadaye plasta ilikuwa ikianguka vipande vipande, na nyuma yake chumvi imechanua nyeupe.

Fundi tuliyemwita alikuwa wa wale waliofanya kazi ya kuukarabati mji tangu ujana wao. Alibandua saruji kwa patasi, akapapasa jiwe kwa kiganja. "Saruji hii imeyapandisha maji, mwanangu," aliniambia. "Zamani yalikuwa yanaishia hapa." Akagusa goti. "Sasa yamefika hapa." Akagusa kifua. Alikuwa amelieleza, bila mlinganyo hata mmoja, jambo ambalo siku zile lilikuwa likinisumbua kwenye vipande vyangu vya karatasi: kwenye joto letu mkojo ulikuwa ukikauka kabla haujafika mwisho wa njia, na chumvi zake zikijenga ukingo mweupe kama ule wa ukuta. Nikarudi maabara nikafunika karatasi juu na chini kwa utepe usiopitisha mvuke. Mkojo ukafika. Maradhi ya ukuta yalikuwa dawa ya karatasi.

Lakini kufika ni jambo moja na kiasi ni jambo jengine. Kimiminika kinapojivuta ndani ya karatasi, mwendo hupungua kadiri kinavyokwenda; Washburn aliihesabu mwaka 1921: ukiongeza urefu wa njia mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Kwa tone, sawa. Kwa chupa, utakesha. Tukaiacha karatasi ibaki na kazi ya kusoma rangi, na njia ya mayai tukaijenga kwa mpira wa silikoni: vijia vingi sana sambamba, kila kimoja kikiwa na shingo inayopitisha mkojo na kulizuia yai, na chupa ikaning'inizwa juu ili uzito wa mkojo wenyewe uusukume.

Kilichotushinda kwa muda mrefu hakikuwa yai. Kilikuwa takataka. Vitabu vya fani yetu vimejaa majaribio yaliyofanywa kwa maji safi yenye shanga za plastiki za ukubwa mmoja, na kila kitu hupita vizuri. Mkojo wa mtoto aliyetoka kukimbia juani una nyuzi za nguo, mchanga, vidonge vya damu iliyoganda, na fuwele. Fuwele ndizo mbaya zaidi, kwa sababu hazimo mkojo unapotoka. Hujijenga kikopo kikikaa na kupoa. Za urati huyeyuka ukipasha mkojo kidogo. Za fosfati hazijali joto, zinataka asidi, na siki ya dukani inaziondoa. Hayo hayakuwamo katika makala yoyote ya chipu niliyoyasoma. Yalikuwamo katika kichwa cha mzee wa maabara, ambaye alipoona tunahangaika alituuliza tu kwa nini hatuviweki vikopo juani.

Kifaa chetu hakijaishinda sirinji, na nalisema hili wazi kila ninapoalikwa. Sirinji na kichujio ni rahisi, zinafundishika kwa asubuhi moja, na zinasafishika. Tulichokiongeza ni kwamba mayai yanajipanga mstari mmoja, kwa hiyo msomaji haendeshi kioo huku na huko akitafuta, na simu yenye lenzi inaweza kupiga picha moja ikatosha. Watu wa Leiden, Uholanzi, walipita njia nyengine wakafika mbele yetu: hawatafuti yai, wanatafuta molekuli ambayo mnyoo hai huitoa mwilini, na walipotaka kuwakamata wenye minyoo michache walifanya lililonifurahisha kuliko kemikali yao yote. Waliongeza mkojo. Walichukua mililita 2, wakaisonga mpaka ikawa kidogo, ndipo wakaiweka kwenye kipimo cha kijistari. Kipimo chao kilijaribiwa hapa Zanzibar na kikaona maambukizi mengi ambayo uchujaji wa kawaida uliyapita.

Wanafunzi huniuliza kama inafaa mtu kukaa Unguja akifanya utafiti wa namna hii. Zamani nilikuwa najibu kwa maneno mengi. Siku hizi namtaja Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, mhandisi wa kemikali aliyesomea teknolojia ya nano Korea Kusini, akarudi kutengeneza kichujio cha maji kinachopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali penyewe, na mwaka 2015 akawa wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alianza na maji ya kwao, yenye floridi, si na kichujio. Tena mambo yamebadilika: tangu Novemba 2023 taasisi ya teknolojia ya Madras, India, ina kampasi yake Bweleo, nje kidogo ya mji, na aliyekabidhiwa kuiongoza ni mhandisi wa kemikali, Preeti Aghalayam. Binti wa Kiponda wa leo anaweza kusoma uhandisi wa daraja la juu na kurudi kwao kwa daladala.

Swali linalonishughulisha sasa ni la mwisho wa safari. Siku moja mtu wa wizara atataka kutangaza kwamba kichocho hakipo tena Unguja, na vidonge visimame. Atasema kwa ushahidi gani? Kuna kanuni ya takwimu isiyopendwa na wenye haraka: ukipima watu kadhaa ukakuta sifuri, sehemu ya watu wote inayoweza kuwa imejificha inafika kama 3 ukigawa kwa idadi ya uliowapima. Ili uweze kusema kwa uhakika wa kawaida kwamba hakuna zaidi ya mtoto mmoja katika 1,000, unahitaji kuwapima watoto kama 3,000, wote waonekane hawana, na kipimo chako kiwe hakikosei. Kwa mililita 10 kila mmoja, hizo ni lita 30 za mkojo zilizochujwa moja baada ya nyengine, ukitafuta kitu ambacho unatarajia hakimo. Hakuna macho ya binadamu yanayobaki makini kwa kazi hiyo. Wapo wanaosema tuwaache watoto, tupime mto: Kenya, watafiti walichuja maji ya mabwawa na vijito wakatafuta vinasaba vya mdudu, na wakachapisha mwaka 2019 kuwa inawezekana. Mwenzangu mmoja idarani anaamini huko ndiko tuendako na ananisuta kwa kung'ang'ania vikopo. Namwambia mto wa Mwera ukifurika wakati wa masika hautamwambia kitu.

Mwanafunzi wangu ndiye aliyeleta njia ya katikati. Aliuliza kwa nini tusichanganye mikojo ya watoto kumikumi, tukachuja mililita 100 kwa mara moja, na kuwarudia mmojammoja wale tu ambao chupa yao imeonyesha yai. Ukiwa na sifuri nyingi, kazi inapungua karibu mara 10. Hakuna kichujio cha sirinji cha mm 13 kitakachovumilia kiasi hicho bila kuziba, na hapo vijia vingi sambamba vinapata kazi ambayo sirinji haiwezi kuifanya. Chipu ya kwanza tuliyoijenga kwa ajili hiyo inaziba chupa ikiwa haijafika nusu. Wiki ijayo tunajaribu tabaka la mbele lenye matundu mapana zaidi, na siki tunaitia tangu mwanzo.